Hita Aliyoichagua Mama kwa Macho Yaliyofumbwa

Walimu wenzangu, tangu nirudi kutoka Makete kila ninayekutana naye ofisini ananiuliza jambo lilelile: "Kandida, ile hita ya gari mlichagua ipi?" Nimejaribu kueleza mara nne, na mara zote kengele imelia kabla sijafika hata Madaba. Basi nimeamua kuandika. Someni mkiwa na chai yenu, msinikatize, na yeyote atakayecheka kwenye habari ya matawi ya miti ajue nimemwona.

Kwa wale wasiojua mwanzo wake: mama yangu ana pumu. Dada yake pekee aliyebaki, mama mkubwa Sabina, aliolewa Makete kabla mimi sijazaliwa, na walikuwa hawajaonana miaka kumi na moja. Mwaka huu mama alitangaza mezani kwamba mwezi wa saba anakwenda kumwona dada yake, iwe isiwe. Daktari alimwambia aende akitaka, lakini asilale kwenye baridi wala kwenye moshi. Sasa niambieni, Makete mwezi wa saba kuna nini kingine? Asubuhi majani yana barafu, na kila chumba kina jiko la mkaa.

Hapo ndipo mdogo wangu Otmar, fundi wa kuchomelea, alipopata wazo lililotutesa wote. Alinunua kibasi kikuukuu, akang'oa viti, akaweka kitanda, kabati, sinki la kunawia, betri kubwa na inveta ya kugeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani. Mimi nikashona mapazia. Mama angelala ndani ya gari uani kwa dada yake, mbali na moshi, na hita ya umeme ingemtunza kifua. Ilibaki kuipata hiyo hita tu. Tulikubaliana watatu: hakuna hita, hakuna Makete. Mama alikubali upesi, ila akaweka sharti moja, kwamba hita ataichagua yeye.

"Atakayelala nayo si ninyi," alisema.

Ningekuwa na akili ningeshtuka palepale.

Songea mjini: hita ya hewa gani?

Nilizunguka maduka ya Songea siku mbili. Ukisema hita, muuzaji anakuletea ule waya wa kuchemshia maji ya kuoga. Nikieleza kwamba nataka ya kupasha hewa, wananitazama kwa huruma. Mmoja aliniuliza, "Hewa ya nini, mwalimu?" Nikamwambia ya ndani ya gari. Akafikiri, kisha akanishauri nifunge vioo. Mwingine aliniuzia blanketi, nami kwa kuchoka nikalinunua.

Otmar akasema Njombe watu wanavaa makoti mwaka mzima, huko hita zitakuwa zimejaa. Basi tukakata shauri kuondoka bila hita na kuinunua njiani.

Tulipanga kuondoka kwetu Bombambili alfajiri. Saa nne asubuhi bado tulikuwa uani, kwa sababu wanajumuiya walikuja kumuaga mama, na hawakuja na sala fupi. Walizunguka gari wakasali rozari nzima, halafu kila mmoja akataka kuingia aone sinki. Mama alikaa kitandani akipokea wageni. Akapakia kuku mmoja hai, debe la maharage na dumu la togwa alilolifunga kifuniko kwa nguvu zote. Nilimwambia togwa ikitikiswa itavimba. Akasema amebeba togwa tangu mimi sijui kutembea.

Tulikuwa hatujamaliza saa moja barabarani wakati kifuniko kiliporuka. Blanketi langu jipya ndilo lililokunywa ile togwa.

Kuelekea Madaba: tunapewa pole

Kabla ya Madaba mkanda wa feni ulikatika. Otmar alikuwa na wa akiba, lakini wa akiba ulikuwa wa gari jingine aliloliuza zamani. Akakata matawi ya miti akayalaza barabarani mbele na nyuma ya gari kama kawaida, tukakaa. Tulikaa sana. Kuku alitaga yai kwenye sinki. Baadaye dereva wa lori la mahindi alisimama, akapekua chini ya kiti chake, akatoa mkanda uliotosha na akakataa chochote isipokuwa lile yai, ambalo alisema atalichemsha akifika.

Tulipoanza kuondoka, Otmar, ambaye nyumbani kwake huwezi kukuta hata soksi moja imekunjwa, alikusanya matawi yote barabarani. Badala ya kuyatupa akayachomeka mbele ya gari, kushoto na kulia, eti tukiharibikiwa tena asihangaike kukata mengine. Taa nazo alikuwa ameziwasha kwa sababu ya ukungu. Nyuma, mama alikuwa amelala chali, shuka jeupe hadi kidevuni, na mapazia yangu mazuri yamefunguliwa pande zote mbili ili aone njia.

Tulipoingia Madaba tukaona watu wanasimama. Mzee mmoja alivua kofia. Mwenye bodaboda akashuka kwenye pikipiki yake akainamisha kichwa. Nikawaza watu wa hapa wana adabu kweli. Tukasimama mbele ya mgahawa, na mama mmoja muuza ndizi akatua beseni lake, akaja moja kwa moja akanishika mikono yote miwili.

"Poleni sana, wanangu. Mnampeleka wapi?"

"Asante, mama. Tunampeleka Makete, kwa dada yake."

"Mbali, jamani! Alikuwa anaumwa?"

"Pumu, ya siku nyingi."

Alitikisa kichwa, machozi yakimlengalenga. Wanawake wengine watatu walikuwa wameshafika, na mmoja ameanza kufungua pindo la khanga yake atoe rambirambi. Yule wa ndizi akasogea dirishani, akafanya ishara ya msalaba na kuchungulia ndani. Mama akainua kichwa kutoka kwenye mto akamwuliza, "Hizo ndizi ni mbivu au mnazivundika?"

Makelele yale yalisikika hadi stendi. Mmoja alikimbia akaacha kiatu. Waliporudiwa na roho zao walikasirika, na kwa haki. Mzee aliyevua kofia aliivaa tena, akamsimamia Otmar mpaka ang'oe matawi yote, huku akimwambia kwamba mtu mzima hachezei mambo ya msiba. Otmar aliomba radhi mara saba. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama yeye alifurahi kupita kiasi. Wale wanawake walimkalisha mgahawani, wakamlisha wali na maharage, na muuza ndizi akamfungia kichane kizima cha njiani. Tulipopanda gari akasema, "Nimejua Madaba nitaliliwa. Ninyi ndio sijui."

Njombe: hita tatu dukani

Tulilala Njombe kwenye uwanja wa nyumba ya wageni, mimi na mama kitandani, Otmar kwenye kiti cha mbele. Blanketi la togwa lilikuwa bado bichi. Asubuhi mama alikohoa kidogo tu, lakini kila akikohoa mimi na Otmar tulitazamana. Tulikunywa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, tukaenda sokoni.

Duka lilikuwa la dada mmoja mchangamfu aliyevaa makoti mawili, anauza vyombo vya umeme vya mtumba. Alipanga hita tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ndogo ya feni, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Ya pili ilikuwa na vyuma viwili vinavyowaka vyekundu. Ya tatu ilikuwa dude zito la chuma lenye mafuta yaliyofungiwa ndani, limesimama kwa magurudumu yake, mbavu zake zimepangana kama vitabu kwenye rafu.

Otmar alikuwa amejiandaa. Alimweleza mama polepole, kama anavyowaeleza wateja wake, kwamba inveta yetu inabeba ile ndogo ya feni tu. Ya vyuma itamaliza betri haraka, na kwenye gari lenye mapazia ni hatari ya moto. Lile dude la mafuta ndilo usiseme: linakula umeme mwingi kuliko gari zima linavyoweza kutoa, linachelewa kupata moto na linajaza nafasi ya kupitia.

Mama akasema, "Ziwashe zote."

Dada wa duka akaziwasha. Mama akavuta kigoda, akaketi mbele ya zile hita, akafumba macho. Nikadhani amesinzia. Kisha akaanza kuzipapasa moja moja, bado amefumba macho. Ile ya feni aliizungusha kitufe mara mbili akauliza, "Sasa imewaka au imezimwa?" Nikamwambia afumbue macho ataona. Hakufumbua. Alipoupeleka mkono kwenye ile ya vyuma vyekundu dada wa duka alimdaka kiganja kikiwa kimekaribia kabisa kuungua. Mama akasema, "Hii iondoe, hata kuiona sitaki."

Kwenye lile dude alikaa muda mrefu. Aliweka kiganja juu ya mbavu zake na kukiacha pale. Akazungusha swichi yake, ambayo kila hatua inalia tik na unaisikia vidoleni: moja, mbili, tatu.

"Nikiligonga likaanguka?"

"Linajizima lenyewe, mama," alisema dada wa duka, akalilaza kumwonyesha.

"Nichukulie hili."

Otmar alitoka nje ya duka akarudi. Mimi nikapandisha sauti, nakiri. Nilimwambia tumetoka Songea kutafuta hita ya gari, na yeye kati ya hita tatu anachagua ile pekee ambayo gari haliiwezi. Nilimwambia kifua ni chake lakini hofu ni yetu. Nilimwuliza kwa nini anafumba macho dukani kama mtoto anayecheza kibemasa. Watu wa duka la jirani walikuja kusikiliza.

"Huko tuendako kuna umeme," alisema mama, akasimama. "Na tulikubaliana nachagua mimi."

Ni kweli tulikubaliana. Tukanunua. Otmar alilifunga lile dude kwa kamba kwenye mguu wa kitanda, akikaza kila fundo kwa hasira.

Njombe hadi Makete: inveta inalia

Njia ya Makete ni nzuri kwa macho, milima na misonobari na bustani za tufaha, lakini mimi sikuona kitu kwa hasira. Ukungu ulishuka hadi kwenye lami na baridi ikaingia kupitia sakafu. Mama alianza kukohoa mfululizo, kikohozi kile chembamba ninachokijua, chenye mluzi mwishoni. Akavuta dawa yake ya pumu mara mbili. Nikamwambia Otmar asimamishe gari.

"Tuijaribu," nikasema. "Hata namba moja tu."

"Dada, nimeshasema haitawezekana."

"Jaribu!"

Akachomeka. Akazungusha hadi tik ya kwanza. Inveta ililia kama mtoto aliyebanwa mlangoni, ikatoa harufu ya plastiki, ikanyamaza. Taa za ndani zikazimika. Otmar akageuza ufunguo, na gari nalo likanyamaza, maana huyu fundi wangu alikuwa ameunganisha betri zote mbili pamoja kurahisisha mambo.

Nilishuka nikasimama kwenye ukungu nikalia kidogo. Sikulia kwa uchungu, nililia kwa kuchoshwa. Wanaume wanne waliobeba mbao walitukuta. Mmoja akatusalimu "Kamwene!" na kabla hatujaeleza wakaweka mbao chini wakaanza kusukuma. Gari liliwaka baada ya mteremko wa tatu. Yule aliyetusalimu alitukimbilia dirishani kurudisha kandambili yangu iliyobaki nyuma, akachungulia ndani akaona lile dude.

"Hilo ni la mama?" aliuliza.

"Ni la mama," nikamjibu, "na mama ni wetu, tutafanyaje."

Nilimfunga mama makoti yetu yote, langu na la Otmar, nikamkumbatia hadi tukafika. Kwa mara ya kwanza tangu Bombambili niliogopa kweli. Nilikuwa nikisikiliza ule mluzi na kuhesabu katikati yake, na nilishaamua: asalimie tu, tugeuze gari, tukalale hospitali ya karibu.

Kwa mama mkubwa Sabina

Tulifika jua linaelekea kuzama. Mke wa mjukuu wake, Neema, alikuja mbio kutupokea mizigo. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikapiga goti.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Ni Kandida? Sogea." Hakunitazama. Alinyoosha mkono hewani, pembeni kabisa ya nilipokuwa, akapapasa hadi akanipata shavu.

Mkono ule ulikuwa na kovu kubwa, jipya jipya, kutoka kwenye kifundo hadi kwenye kiwiko.

Nikamgeukia mama. Alikuwa ameshashuka garini akiwa na makoti yake matatu, anatembea haraka kuliko nilivyomwona mwaka mzima. Alikaa mkekani, akauchukua ule mkono wenye kovu akauweka mapajani mwake. Hawakusalimiana. Walikaa tu wakipumua, mmoja kwa mluzi, mwingine kwa kukwaruza.

Neema ndiye aliyetueleza huku akimenya viazi. Macho ya bibi yaliisha kabisa mwaka juzi. Wakati wa masika, akiwa anatafuta kitanda chake, aliangukia jiko la mkaa chumbani. Tangu siku ile hataki jiko liingie chumbani kwake, analala kwenye baridi hii bila chochote, na Neema hajui la kufanya. Bibi alikuwa amempigia simu mdogo wake, yaani mama yetu, akamwapisha asimwambie mtu. Alijua watoto wa Songea wakisikia watakuja kumhamisha, naye nyumbani kwa marehemu mumewe hatoki.

Otmar alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Alitazama lile dude garini. Akanitazama mimi. Nikaona kwamba amefumba macho, sekunde moja tu, kisha akafumbua.

"Hukwenda kwa dada yako mikono mitupu," nilimwambia mama.

"Nani anakwenda kwa dada yake mikono mitupu?" alisema. "Kuku na maharage vilikuwa vya ninyi wenye macho kuviona."

"Ungetuambia!"

"Ningewaambia mngechagua ninyi. Mngemletea ile ya feni."

Tungemletea ile ya feni. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Soketi ya chumbani ilikuwa imelegea na waya wake mwembamba, haikufaa kwa mzigo ule. Otmar hakuulizwa. Alichukua bisibisi akaingia kwenye gari lake alilolijenga miezi mitano, akang'oa waya mnene aliokuwa ameufunga kwa ustadi toka kwenye inveta, akaung'oa wote, akaja akautandaza kutoka kwenye mita hadi kitandani kwa mama mkubwa. Giza lilipoingia chumba kilikuwa na joto na hakina hata chembe ya moshi. Mama alilala humo, kitanda kimoja na dada yake, siku tatu zote. Kifua chake kilitulia siku ya kwanza.

Kwenye nyumba ya magurudumu yenye mapazia yangu tulilala mimi na Otmar, tumejifunika blanketi linalonuka togwa. Asubuhi nilikwangua barafu upande wa ndani wa kioo.

Kurudi, na jibu lenu

Siku ya kuondoka mama alimkalisha dada yake mbele ya hita akamfundisha upya, mkono wake juu ya mkono wa dada yake. Tik moja jioni. Mbili usiku. Tatu barafu ikianguka. Alimrudisha mwanzo kila akikosea, akawa mkali kuliko mimi darasani. Mama mkubwa akacheka akasema, "We Frida, mimi ndiye niliyekufundisha kuwasha moto."

Njiani Otmar alipita Madaba bila kusimama na alijificha chini ya kofia.

Sasa mnaniuliza hita ya gari tulichagua ipi. Gari halina hita. Halina hata waya. Mimi na Otmar tunanunua umeme wa Makete kwa zamu na kutuma namba kwa simu ya Neema, na bado nimemkasirikia mama kwa zile siku za hofu, nimemwambia na ninaendelea kumwambia.

Ila jioni, mkipita kwetu Bombambili, mtamkuta kibarazani na simu sikioni, haongei. Dada yake, kule Makete, ameiweka simu ya kwao karibu na swichi ya hita. Mama anasikiliza, kichwa ameinamisha, macho amefumba, nasi wote tunatakiwa kunyamaza, hata kuku. Kisha anafoka simuni kwa ghadhabu:

"Mbili? Na baridi yote hiyo? Sabina, ongeza!"

Na tunaisikia wote, kutoka Makete, ikilia tik.